Vigelegele vya Dawa ya Mende

Wimbo wa Mwanakuu ulisikika Makadara asubuhi ya Jumatatu, ukitoka katika kipaza sauti kilichofungwa juu ya tuk-tuk, na ulikuwa ukitangaza dawa ya kuua mende. Sauti ilikuwa ya rafiki yangu Sidi. Yalitangulia matuasi yakigongana, vikafuata vigelegele, kisha Sidi akaanza kumtaja bibi arusi pamoja na mama yake na nyanya yake. Kabla hajaumaliza ubeti, mwanamume mmoja alimkatiza kwa furaha ya kulipwa, akasema kwamba nyumba isiyo na mende ni nyumba yenye sherehe kila siku. Nyuma ya tuk-tuk hiyo palibandikwa picha ya mende wengi waliolala chali, wanono, miguu juu.

Sidi alikuwa amesimama mbele ya muuza mbaazi, sahani ya mbaazi na mahamri mkononi. Muuza mbaazi alikuwa mtu wa masihara. Alimtazama, akaitazama tuk-tuk, akamwambia, "Kumbe sauti yako yaua, Sidi? Ndoo basi uniimbie jikoni kwangu."

Watu waliokuwa wakinunua walicheka. Sidi aliiweka sahani juu ya meza bila kuonja zaidi. Aliniambia baadaye kwamba alipoyatazama yale mahamri aliona maganda ya kahawia yenye kung'aa, kama ya mende.

Ili uchafu wa jambo hili ueleweke, sina budi kueleza jinsi Sidi alivyokuwa akifanya kazi.

Sidi Mung'aro ni mwimbaji wa kike. Hutunga mwenyewe na huimba mwenyewe, na hana kampuni wala meneja wa kumsimamia. Matamasha yake huyaandaa katika kumbi ndogo za mjini. Pazia la nyuma hulipaka rangi yeye, filamu fupi zinazoonyeshwa kati ya wimbo na wimbo huzipiga yeye kwa kamera ya kuazima, na mavazi yake huyachora kwa penseli kisha huniletea mimi niyakate na kuyashona. Nilisomea ushonaji katika chuo cha ufundi, na cherehani yangu iko katika chumba kidogo kwenye ujia unaotokea Biashara Street. Ndivyo tulivyojuana. Yeye ni Mgiriama wa Kaloleni, Mkristo, na amepanga chumba cha ghorofani Kibokoni kwa miaka mingi kiasi kwamba majirani humtumia watoto kuomba chumvi.

Lakini sanaa iliyomlisha na kumfungulia milango ya Mji wa Kale ni hina. Alifundishwa na jirani yake mzee, na kwa upole wa mkono hakuna aliyempita. Bibi arusi akishapakwa hina mikononi na miguuni huwa hawezi kushika kitu wala kuinuka. Hulishwa, hunyweshwa, hukunwa pua na wenzake. Katika saa hizo za kungoja hina ikauke, Sidi alikaa kitako mbele yake na kumwuliza habari za wanawake wa nyumba yao. Nani alishona kofia? Nani alisuka mikeka? Nani aliwahi kumfukuza mkopeshaji kwa ufagio? Bibi arusi alisimulia, mashangazi na mama wadogo wakasahihisha, wakabishana, wakacheka mpaka wakalia. Hina ilipokauka, wimbo ulikuwa umekwisha kupata mifupa.

Wimbo huo Sidi aliuimba mara moja tu, siku ya kumpamba bibi arusi, mbele ya wanawake peke yao. Baada ya hapo ulikuwa mali ya nyumba ile. Hakuurudia kwa bibi arusi mwingine, na katika matamasha yake hakuugusa hata alipobembelezwa. Nakumbuka mgeni mmoja aliyetaka autie wimbo wa namna hiyo katika sahani ya muziki. Sidi alimjibu kwa adabu kwamba angeweza kumtungia mwingine wowote, wa mvua, wa bandari, wa njaa, ila ule haukuwa wake kuutoa. Kwa sababu hiyo wanawake walimwamini. Alikuwa mgeni wa dini na wa kabila, lakini aliingia vyumba vya ndani ambavyo hata baadhi ya jamaa hawakuingizwa.

Wa Mwanakuu ulikuwa mzuri kuliko zote nilizopata kuzisikia. Uliingia hivi:

*Mwanakuu ni wa Zena, na Zena ni wa Rukia,*
*Rukia hakushindana, mikekani katulia.*

Zena ni mama yake Mwanakuu. Rukia ni nyanya yake, marehemu, mwanamke aliyesuka mikeka huku wengine wakijenga maghorofa, na asimwonee mtu wivu. Siku ya kupamba, wimbo ulipofika kwa Rukia, Zena alijifunika uso kwa leso. Vigelegele vilipanda chumba kizima.

Simu hazikuruhusiwa. Hiyo ndiyo kanuni ya siku hiyo katika nyumba zote zinazojiheshimu, kwa kuwa wanawake huvua mabuibui, hucheza, na hawataki kujiona kesho yake mikononi mwa watu. Mlangoni alikaa Bi Mahira, shangazi yake Mwanakuu, dada wa babake, na kikapu mapajani. Kila aliyeingia aliitia simu yake humo. "Simu na ndimi wekeni hapa," alikuwa akisema. "Simu mtazichukua mkitoka. Ndimi nitawarudishia kesho." Wageni walicheka na kutii. Yangu na ya Sidi zilikuwa za kwanza.

Ya Bi Mahira mwenyewe haikuingia kikapuni. Wala hakuna aliyeuliza. Nani angemwambia shangazi wa bibi arusi, mtu mzima, afungue mkoba wake uonekane? Hilo lingekuwa tusi. Kwa hiyo, katika chumba chenye wanawake zaidi ya mia, mtu mmoja tu alikuwa na simu, na ni yule aliyewekwa azizuie.

Bi Mahira ana biashara ya kukodisha mapambo ya arusi: viti vya bibi arusi, taa, maua ya plastiki. Alitaka tangazo. Haya hatukuyajua ile Jumatatu. Tuliyajua siku ya pili, kwa Griffins.

Griffins ni kijana anayetengeneza matangazo ya vipaza sauti katika chumba kisicho na dirisha nyuma ya Makadara. Nilimsindikiza Sidi. Chumba kilinuka mafuta ya vibanzi vya jana na soksi. Trei za mayai zilizopigiliwa ukutani kuzuia mwangwi zilikuwa zimeota ukungu, na juu ya kinanda palikuwa na mfupa wa kuku. Griffins alifurahi kumwona Sidi kama mtu aliyetembelewa na nyota. Alisema tangazo limependwa mno, dawa imeisha madukani.

Sidi alimwuliza wimbo aliupata wapi.

"Nililetewa na Bi Mahira, dada. Alitaka uwe kwenye tangazo lake la mapambo." Akalipiga tangazo lenyewe, na kweli lilikuwa wimbo uleule, na sauti ya Bi Mahira ikitaja viti na taa. "Sasa huyu wa dawa akaja kabla mama hajalipitisha lake. Sauti ilikuwa nzuri, vigelegele tayari. Ningeitupa?"

Sidi alimweleza kwamba ule ulikuwa wimbo wa mtu, wenye jina la mama yake na la marehemu. Griffins alitikisa kichwa kwa huruma ya kweli, akasema hayo majina watu hawayasikii, wanasikia raha tu. Kuliondoa hawezi; mwenye dawa amekwisha lipia mwezi mzima. Tulipokuwa tukitoka alitufuata mpaka mlangoni. Alikuwa na mteja mwingine, wa dawa ya kuzibua vyoo, na aliomba Sidi aifikirie.

Barabarani Sidi alitema mate. Sijapata kumwona akitema mate, kabla wala baada.

Huku nyuma nyumba ya kina Mwanakuu ilikuwa imekwisha kutoa hukumu. Wakwe walimpelekea Mwanakuu mkebe wa dawa ya mende uliofungwa utepe mwekundu, na kijikaratasi cha kumpongeza kwa umaarufu. Zena alikataa kutoka nje. Maneno yalipita nyumba hadi nyumba kwamba Sidi ameuza wimbo. Nani mwingine? Yeye ndiye mwenye maikrofoni, ndiye anayefanya matamasha, ndiye anayejuana na watu wa studio. Yaliyosemwa kwa sauti ya chini yalikuwa mabaya zaidi: kwamba mtu hulelewa akajua mipaka, na asiyelelewa katika nyumba zao hawezi kuijua. Wiki hiyohiyo mabibi arusi wawili waliokuwa wamepatana na Sidi walituma watu kusema wamepata mpakaji hina mwingine. Mmoja alidai arudishiwe hata picha za michoro alizokuwa amempelekea.

Sidi aliogopa. Si umaskini alioogopa, ingawa ulikuwa unakuja. Aliniambia kwamba nyimbo zake zote, hata zile za kumbini ambazo hazihusu arusi, zilizaliwa katika vyumba vile, kutokana na maneno ya wanawake ambao mikono yao imefungwa na hina. Akifungiwa milango hiyo hatakuwa na mahali pa kusikiliza. Atabaki na sauti tu, na sauti, alisema, hata Griffins anayo ya kuuza.

Basi alipoitwa kwenye suluhu alikubali kwenda, na akaniomba nifuatane naye.

Tuliketishwa katika chumba kilekile kilichofanyiwa kupamba. Walikuwapo Zena, Mwanakuu, Bi Mahira, na wanawake kama kumi wa ukoo. Nusu yao niliwahi kuwashonea. Wote Sidi aliwahi kuwapaka hina. Mezani palikuwa na kahawa, sambusa na sinia la halua. Tuliamkiana kwa utaratibu wote: tukawapa shikamoo, wakapokea marahaba, tukaulizana hali, watu wa nyumbani, afya. Bi Mahira alivaa buibui jipya na udi wake ulituwahi mlangoni.

"Ndoo ukae karibu nami, mwanangu," alimwambia Sidi. "Hatukukuita kukuumbua. Wewe ni mtoto wetu."

Kisha akaeleza, kwa maneno mazuri yaliyopangwa, kwamba kila mtu huteleza. Kwamba ujana una tamaa. Kwamba familia imekaa, imeona hakuna haja ya mambo kufika mbali. Sidi aombe radhi mbele ya Zena na Mwanakuu, yaishe. Na kwa kuwa mdogo wake Mwanakuu anaolewa baada ya miezi miwili, hina na wimbo vitakuwa vya Sidi, na mtaa wote utaona kwamba amesamehewa. Aliyasema haya huku akikata halua kwa kisu, na mafuta ya halua yakimetameta vidoleni mwake mpaka kwenye pete.

Sidi aliomba jambo moja: wimbo upigwe kwanza, kama unavyosikika mitaani, watu wote wausikie.

Hakuna aliyetaka. Mwishowe Mwanakuu aliutafuta katika simu yake na kuiweka mezani, kati ya sambusa na kahawa.

Yalipita matuasi. Vikaja vigelegele. Vingi vilikuwa mbali, vya chumba kizima. Kimoja kilikuwa karibu sana, juu kabisa ya simu iliyorekodi. Kilianza baada ya vingine vyote, kikapanda kikali, na mwishoni kikakatika kwa kikohozi kidogo kikavu. Kila mwanamke aliyekuwa pale alikijua ni cha nani. Kimepigwa katika arusi zao zote, na watoto wa mtaa hukiiga wakicheza. Niliwatazama mmoja mmoja kwa makini. Yule aliyekuwa na kikombe mdomoni hakumeza wala hakukitoa.

Simu ilizimwa. Kisha mama mmoja akasema, huku akitazama zulia, kwamba vigelegele ni vigelegele, vyote hufanana.

"Bi Mahira," Sidi alisema, "mimi nilikwenda kwa Griffins. Nimelisikia tangazo la dawa, na nimelisikia la mapambo."

"Kijana yule muongo." Bi Mahira hakuinua macho. Alikitia kipande cha halua katika kisahani na kukisukuma mbele ya Sidi. "Kula, mwanangu. Kula mambo yapoe."

Sidi akamgeukia Zena. Nadhani alikuwa bado na tumaini kwake, kwa sababu ya ile leso aliyojifunikia uso. Zena aliinama, akamshika goti, akazungumza kwa sauti ya kumbembeleza mgonjwa.

"Sidi, wewe una nyimbo nyingi. Wifi yangu ana jina moja tu."

Sikuamini kwamba neno hilo limesemwa. Nilitegemea kwamba wamedanganyika, kwamba wamekosea, kwamba hawakujua. Walijua. Walijua kabla hatujaingia, na halua ilipikwa wakijua. Walichokuwa wakimwomba Sidi ni ajipake uchafu wa mtu mwingine kwa hiari yake na ashukuru kwamba amekaribishwa kunawa.

"Na mimi nina mangapi?" Sidi aliuliza.

Alimtazama Mwanakuu, ambaye alikuwa akizungusha simu mezani kwa kidole. Hina ya arusi yake ilikuwa imebaki kivuli tu cha rangi ya kutu kwenye kucha. Mwanakuu hakusema kitu. Sidi alingoja, nami nashuhudia kwamba alingoja kwa muda wa kutosha kabisa mtu kusema neno moja.

Kisha akainuka. Alisema kwamba radhi haombi, kwa kuwa hana alilokosa, na kwamba mtu mwingine hamtaji, kwa kuwa wote wamekwisha kumsikia. Alisema amewahi kushika mikono ya kila mmoja wao na hakupata kuiona michafu mpaka siku ile. Hakupaza sauti. Kisahani cha halua kilibaki palepale. Na katika nyumba zetu, aliyeitwa kwa suluhu akiondoka bila kuonja kitu, hakuna suluhu. Bi Mahira aliita nyuma yetu kwamba asiye na shukrani hujulikana kwa tumbo lake. Wawili watatu walicheka, kwa wepesi wa watu waliookoka.

Tangu hapo hakuna nyumba ya Mji wa Kale iliyomwita. Wengi, naamini, wanajua ukweli. Lakini kumwita Sidi kungekuwa kumtuhumu Bi Mahira, na Bi Mahira ndiye anayekodisha viti. Sidi anapaka hina ng'ambo ya feri, Likoni, na katika nyumba za wafanyakazi wa Kilindini, kwa mabibi arusi kutoka bara ambao hawana desturi ya kukaa wakasimulia. Huchezea simu zao kwa mkono ambao haujapakwa bado. Anaandaa tamasha. Nyimbo zake mpya ni fupi na ngumu, na hakuna hata moja inayomtaja mtu. Aliwahi kujaribu kuuchukua muziki wa wimbo wa Mwanakuu na kuutilia maneno mengine, maadamu umekwisha najisiwa. Alifika ubeti wa pili akaenda kutapika. Hilo nililishuhudia, na silisemi kwa kutia chumvi.

Mwezi uliopita alikuwa chumbani kwangu nikimpima gauni la tamasha hilo, amesimama juu ya kigoda, mikono ameitanua, pini ziko mdomoni mwangu, Mwanakuu alipoingia. Alifunga mlango kwanza ndipo akatuamkia. Alikuwa amenenepa kidogo na alinukia udi uleule. Alisema mdogo wake analia kila siku. Hataki mpakaji hina mwingine, anamtaka Sidi. Wamefikiria njia. Sidi aje alfajiri kwa mlango wa uani, ampake katika chumba cha juu, aondoke kabla wageni hawajafika. Wimbo hautahitajika. Kama mtu atauliza, watasema mpakaji alitoka Lamu.

Sidi alisikiliza akiwa vilevile, mikono hewani.

"Mamako anajua umekuja?"

"Hajui, dada."

"Shangazi yako je?"

"Hapana." Mwanakuu alishusha sauti. "Nilinde, dada Sidi. Wewe wayua hali yangu."

"Nyumba niliyotolewa kwa jina la mwizi, sasa mwataka niiingie kama mwizi," Sidi alisema, na uso wake ulikunjamana kama wa mtu aliyenusa kitu kilichooza chini ya jamvi. "La, mwanangu. Nenda."

Hakupata kumwita "mwanangu" kabla ya hapo; ni neno la shangazi yake. Mwanakuu alisimama akishika kitasa. Machozi yalimtoka, nami nakiri hayakunigusa.

"Nitamwambia nini mdogo wangu?"

"Mwambie ulichosema siku ile."

Mwanakuu aliteremsha ushungi wake na kutoka. Sidi aliniomba niendelee, nami nikatia pini iliyofuata kiunoni, palipohitaji kupunguzwa sana.

Yule mdogo mtu ameolewa. Nilimwona Ijumaa mbele ya duka la leso, akinyoosha mikono kuwaonyesha wenzake. Maua yalikuwa ya Sidi, yameigwa kutoka katika picha za zamani, yale majani matatu yanayozunguka kifundo na mstari mwembamba kama ukindu unaoshuka kidoleni. Mistari ilikuwa minene na hina ilikuwa imevuja kandokando. Wenzake walimwambia imependeza, akasema ndiyo, na kwamba ni mchoro wa kwao.